Maswali ya Wasomaji: Injinia wa Dunia Anaanzia Maji ya Chai

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja kuhusu kitu kimoja, wanafunzi wa uhandisi na huu mtindo wa kujifunza kwa changamoto, yaani mnapewa tatizo la kweli la watu wa kweli mnahangaika nalo muhula mzima badala ya kukariri desa na kusubiri mtihani. Nimechagua matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana naona ndo mzizi wa mengine.

SWALI: Shikamoo Injinia. Niko mwaka wa tatu uhandisi hapa Arusha, GPA yangu nzuri tu, sina supu hata moja. Shida ni kwamba kila tangazo la kazi au skolashipu nikisoma wanataka mtu mwenye uzoefu wa kimataifa, na mi hata Nairobi sijafika. Wenzangu wawili walienda Ujerumani miezi mitatu, wamerudi wanajiamini balaa. Sasa idara imetuletea projekti ya changamoto, kundi letu tumepewa tatizo la madini ya floraidi kwenye maji ya huku kijiji cha Maji ya Chai, najiuliza hiki kijiji kitanisaidia nini kwenye CV wakati wenzangu wanaandika Berlin?
Mwaka wa Tatu, Sakina

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nakuelewa kabisa na wala sikulaumu, maana hata matangazo yenyewe yanaandikwa kama vile dunia iko ng'ambo tu na sisi hatumo.

Kwanza angalia hapa hapa nyumbani nani anajenga nini. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limejengwa na kampuni za Misri, reli ya SGR kutoka Dar kwenda Dodoma wamejenga Waturuki, uwanja wa AFCON hapa Arusha mkandarasi wake ni Mchina. Injinia wa Kitanzania anaweza kustaafu bila kupanda ndege na kila siku ya kazi yake akawa amekaa meza moja na mtu aliyesoma kwa mfumo mwingine, anaongea lugha nyingine, ana namna yake ya kukataa jambo na namna yake ya kukubali. Huo ujuzi wa kuelewana na mtu wa hivyo, mkakubaliana kwenye namba, na kazi ikasimama, ndo wanaoutafuta. Berlin inaweza kukupa na inaweza isikupe, nimeona watu wameenda huko wakakaa na Watanzania wenzao wakapika ugali mpaka siku ya kurudi.

Sasa njoo kwenye hiyo floraidi yako. Wewe umepewa mojawapo ya matatizo ya maji yanayosumbua mabara kadhaa kwa wakati mmoja, ila kwa sababu liko barabara ya Moshi unaliona dogo. Miamba ya volkano ya Meru inaachia floraidi kwenye chemchemi na mito, watoto wanaota meno ya kahawia, na kwa watu wanaokunywa maji yenye kiwango kikubwa sana kwa miaka mingi mifupa nayo inaathirika, wengine miguu inapinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi kiwango chetu kiliruhusu hadi 4, kwa sababu kuna vijiji ambavyo ukisema 1.5 unakuwa umewaambia watu wasinywe kabisa. Hebu fikiria uzito wa uamuzi kama huo, hapo kuna kemia, kuna siasa, kuna ubinadamu, vyote kwenye namba moja.

Na tatizo hili hili lipo Nakuru, lipo Bonde la Ufa la Ethiopia, lipo India kwenye wilaya nyingi tu. Wahindi walitengeneza njia ya kutumia shabu na chokaa, inaitwa Nalgonda kwa jina la wilaya huko huko kwao, ikaja kujaribiwa mpaka huku kwetu Afrika Mashariki. Inafanya kazi, ila shabu inahitajika nyingi, tope linabaki, na lazima mtu awe makini na vipimo kila siku. Wengine wakaenda kwenye mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye joto kali huku hewa imebanwa halafu maji yanapitishwa humo, kituo cha Ngurdoto hapo jirani yako kimeifanyia kazi miaka mingi na Nakuru nako wameitumia. Kumbe na hiyo ina lake, kuna jamii mfupa wa ng'ombe hautaingia kwenye maji yao ya kunywa hata ukiwaonyesha karatasi za maabara, kuna wengine watakuuliza kwanza huo ni mfupa wa mnyama gani na amechinjwaje. Injinia asiyejua hilo atajenga mtambo mzuri utakaogeuka banda la kuku.

Kwa hiyo ukimaliza hiyo projekti ukiwa umeishika kweli, unaweza kukaa na Mhindi, Mhabeshi na Mkenya mkaongea kitu kimoja masaa matatu, na wewe ndo utakuwa na cha kuwaambia. Au nikupe mfano wa Dk. Askwar Hilonga. Kazaliwa kijiji cha Gongali kule Karatu, kaenda kusoma Korea Kusini mambo ya nano, yaani chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, karudi Taasisi ya Nelson Mandela hapo Tengeru, akatengeneza filta inayounganisha mchanga wa kawaida na vitu vya nano ambavyo unaweza kuvipanga kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika, floraidi ikiwemo. Mwaka 2015 akawa mtu wa kwanza kabisa kushinda ile Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, pauni 25,000. Korea ilimpa ujuzi, lakini swali alitoka nalo kijijini.

Ushauri wangu sasa wa kufanya. Huu mtindo wa changamoto ulioanzia kwa watu wa Apple mwaka 2008 siku hizi unaelezwa kwa hatua tatu, unajihusisha na jambo, unachunguza, halafu unatenda. Makundi mengi yanakimbilia ya tatu, wiki ya kwanza tayari wana mchoro wa filta. Nyie msifanye hivyo. Nendeni mkae jikoni na akina mama mwone maji yanatumikaje. Mtakuta magadi yanawekwa kwenye maharage au makande yaive haraka, na magadi nayo yanabeba floraidi, ina maana unaweza kusafisha maji ya kunywa yote na bado mtoto akaipata kwenye sahani. Mtakuta pia kuna anayechemsha akiamini anaiondoa, wakati kuchemsha kunapunguza maji tu na floraidi inabaki pale pale imekolea zaidi. Hayo huyapati maabara hata ukae na kipimo mwaka mzima.

Halafu tafuteni wanafunzi wa Nakuru au wa Ethiopia wanaohangaika na kitu hicho hicho, waandikieni mbadilishane data, hiyo haihitaji viza. Na kwenye CV usiandike "nilishiriki projekti ya maji". Andika tatizo lilikuwa nini, mlipima nini mkapata ngapi, mlifanya kazi na nani, na wanakijiji walikataa kitu gani kwenye dizaini yenu ya kwanza mkabadilisha vipi. Hiyo sentensi ya mwisho mimi nikiwa kwenye meza ya usaili ndo naitafuta kabla ya zote.

SWALI: Habari Injinia. Sisi tuko Moshi, timu yetu ya pampu ya sola ni ya mtandaoni, kuna wanafunzi wa Ujerumani na wa Marekani. Wenzetu wanaongea haraka sana, bando likikata tukirudi wameshaamua. Juzi tukakosa mkutano kabisa, sisi tulijua saa tatu wao walimaanisha saa tatu nyingine. Tumeanza kukaa kimya tu.
Timu ya Pampu, Soweto, Moshi

JIBU: Salama wadogo zangu. Kimya ndo kitu kibaya kuliko hiyo kukosa mkutano, maana mwenzako wa mbali hawezi kuona uso wako, kwake kimya ni ndiyo. Mtu wa huku kwetu akikaa kimya kwenye kikao kila mtu anajua kuna jambo hakubaliani nalo, kule wanaandika "imepita" wanaendelea.

La saa ni rahisi, andikeni kwa masaa 24 na mtaje ni saa za Afrika Mashariki, 15:00 ni 15:00 haina asubuhi wala jioni. Na mkumbuke Ujerumani wanabadilisha saa zao, kipindi cha joto wako nyuma yetu saa moja na baridi wanakuwa saa mbili, kwa hiyo mkutano unaweza kusogea bila mtu yeyote kuusogeza. La bando, ombeni kila uamuzi uandikwe kwenye faili la pamoja na usihesabike mpaka ukae siku moja nzima watu wote wameusoma. Msione aibu kuomba hilo, timu za kazini zilizotawanyika nchi mbalimbali zinafanya hivyo hivyo, na nyie mkilileta mtaonekana ndo mnaojua kazi.

Alafu kuna eneo ambalo wenzenu hawana ujanja bila nyie. Muulizeni huyo Mmarekani mota ya pampu aliyoichagua ni ya hazi (Hz) ngapi, yaani umeme wake unageuka mara ngapi kwa sekunde. Kwao umeme ni hazi 60, kwetu 50 na volti 230. Kama pampu yenu mmeipanga iweze kuunganishwa na TANESCO wakati wa mawingu, mota ya hazi 60 huku itazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake, maji yanapungua karibu moja ya sita, na uwezo wa kuyapandisha juu unashuka hadi kama asilimia 70. Kama tenki lenu liko mlimani maji hayafiki, na mota yenyewe inaweza kuchemka. Semeni hilo kwenye mkutano ujao muone kama mtakatizwa. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo chao kilichokuwa kinaenda Mars kwa sababu timu moja ilitoa hesabu za nguvu kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni, na wale wote walikuwa wanaongea Kiingereza kimoja. Kwa hiyo msidhani tatizo ni Kiingereza chenu.

SWALI: Mwanangu Injinia, mimi ni mzazi nipo Mabogini. Kijana wangu anasoma umwagiliaji, nahangaika na ada kweli kweli. Muhula huu yuko likizo ya masomo sijui ndo projekti, kila siku anashinda na wakulima kwenye mifereji wanaongea, wanakunywa chai, jioni anaandika andika kwenye daftari. Sioni hesabu wala mashine. Je hapo anasoma au ada yangu inapotea?
Mama wa Mabogini

JIBU: Shikamoo mama. Pole na hongera kwa kumsomesha. Anasoma mama, na uko mahali pazuri kabisa pa kuliona hilo kwa macho yako.

Wewe unaujua mradi wa Lower Moshi kuliko mimi, ulijengwa miaka ya 1980 kwa fedha za Wajapani, mabanio, mifereji ya zege, mashamba yamesawazishwa, na mpunga ukakubali sana, mavuno yakapanda watu wakashangaa. Kihandisi ilikuwa kazi safi. Ila mito ni ile ile ya Rau na Njoro, na wakulima wa juu ambao hawakuwa ndani ya mradi walipoona mpunga unalipa nao wakalima, wakachukua maji kabla hayajafika chini. Sehemu ya mashamba ya mradi ikakosa maji, ugomvi ukaanza. Hakuna fomula ya mfereji inayokuambia jirani wa juu atafanya nini akiona wewe umepata pesa. Hilo unalijua kwa kukaa naye. Na Wachagga huku milimani walikuwa na mifongo yao, yaani mifereji ya asili, karne na karne, yenye zamu, yenye wazee wa mfongo, yenye faini kwa anayeiba maji, yaani zege na sheria vilikuwa kitu kimoja.

Kijana wako akijifunza kuuliza nani ana zamu lini na nani analalamika, anajifunza kitu ambacho injinia wa Misri, wa Pakistani na wa Peru wote wanakihitaji, maana maji ya juu na ya chini yanagombaniwa kila mahali. Jambo moja tu mama, muombe akuonyeshe hilo daftari. Ukikuta majina ya watu, tarehe, vipimo vya maji na maswali aliyoyarudia, tulia ulipe ada. Ukikuta michoro ya mpira wa miguu basi mkalishe chini.

SWALI: Injinia, nafundisha chuo kimoja hapa Arusha. Nimeambiwa nianzishe ufundishaji kwa changamoto, darasa lina watu zaidi ya 100, bajeti sina, na mtaala umebana. Nikiwapa kazi za vikundi wawili wanafanya sita wanabebwa. Nasahihishaje?
Mwalimu, Njiro

JIBU: Mwalimu, heshima yako. Usikubali kubebeshwa mzigo wa kubadilisha chuo kizima peke yako. Aalborg kule Denmark wamefundisha kwa projekti tangu chuo kinaanza mwaka 1974, Tecnológico de Monterrey ya Mexico wao walibadilisha shahada zao zote mwaka 2019, lakini hayo ni maamuzi ya taasisi na fedha zake. Wewe chukua somo moja, muhula mmoja.

Changamoto iwe moja kwa darasa zima. Kule Australia shirika la Wahandisi Wasio na Mipaka wanafanya hivyo tangu 2007, jamii moja inachaguliwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vingi wanadizaini kwa ajili ya jamii hiyo hiyo. Faida kubwa kwangu mimi ni kwa wanakijiji, maana watu 100 wakivamia kata moja kila kundi na dodoso lake ni usumbufu, huo si utafiti tena. Teua wawakilishi, waende mara chache, warudi na majibu ya wote. Na lazima changamoto iwe na mwenyewe, mtu mwenye jina anayelala na tatizo hilo, kamati ya maji, muuguzi wa zahanati, mwenye karakana. Bila mwenyewe mnacheza mchezo wa kuigiza.

Usiwachanganye wahandisi watupu. Pale Tengeru kuna chuo cha maendeleo ya jamii, Moshi kuna chuo kikuu cha ushirika, hao vijana wanajua kuendesha mkutano wa kijiji na kupiga hesabu za nani atalipia spea mwaka wa tatu. Mwanafunzi wako akishajifunza kumweleza mtu wa ushirika kwa nini bomba ni inchi mbili na si moja, bila kumdharau na bila kujificha nyuma ya fomula, amepata nusu ya kile atakachohitaji siku akikaa na Mturuki wa SGR. Mimi hili nalithamini kuliko safari yoyote ya kubadilishana wanafunzi.

Kusahihisha, gawa maksi. Ripoti ya kundi isizidi nusu. Zinazobaki mpe kila mtu peke yake, daftari lake la kila wiki, na dakika tano za mdomo ambapo unachagua wewe ukurasa wowote wa ripoti anakueleza. Anayebebwa anajulikana hapo hapo. Badilisha majukumu kila baada ya wiki kadhaa ili yule mwenye laptopu nzuri asiwe karani wa milele, na uwe mkali kwenye hili kwa mabinti, maana kila mwaka naona wasichana wanapewa kuandika na kupanga chai wakati mota inafunguliwa na wavulana. Mwisho mwite mwenye tatizo siku ya prezentesheni aulize maswali kwa Kiswahili na wajibu kwa Kiswahili. Asiyeweza kueleza kazi yake kwa Kiswahili chepesi bado hajaielewa, hata slaidi zake ziwe nzuri vipi.

SWALI: Mambo vipi Injinia. Mi fundi wa kuchomelea Unga Limited. Wanafunzi wanakuja na mchoro, mimi nawaambia hii haitashika, nawarekebishia, nawatengenezea, wananipiga picha na wageni wao wanaondoka. Mwaka jana mashine niliyoibadilisha mimi karibu yote ilipata zawadi, nimeiona kwenye simu ya mtu. Hakuna aliyerudi.
Fundi, Unga Limited

JIBU: Poa fundi, na pole sana, hilo limeniuma. Na nawaambia wanafunzi wote wanaosoma hapa, kama kwenye ripoti yako kuna sehemu inaitwa maadili na fundi aliyeokoa mashine yako hayumo kwenye majina, umefeli somo hata kama umepata A. Watu wanaongea sana kuhusu kuheshimu tamaduni za mbali, heshima yenyewe inaanzia kwa huyu aliyeshika mashine ya kuchomelea.

Arusha hii hii kuna Bernard Kiwia, alianza na baiskeli, akatengeneza chaja ya simu ya kukanyaga pedali, akaja kufanya kazi na watu wa D-Lab, kitengo cha ubunifu cha chuo cha MIT Marekani, na kuanzisha karakana ya wabunifu. Wale hawakumchukua kama kibarua, alikaa nao mezani kama mbunifu, na wanafunzi wa kigeni wakajifunza kwake. Mtu kama wewe katika projekti ni mwalimu, na mwalimu analipwa.

Safari nyingine wakija, kabla hujawasha mashine toa karatasi. Waandike tarehe, wamekuja na mchoro gani, upige picha wewe wa kwanza. Kila unachobadilisha kiandikwe na wasaini. Muda wako uwe na bei, tofauti na bei ya chuma. Jina lako liwe kwenye ripoti na kwenye bango la maonyesho. Kama kitu ni kipya kweli kweli na kinaweza kuuzwa, muulize mtu wa BRELA, wale wa usajili wa biashara, kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, kabla hakijaonyeshwa hadharani, maana kikishaonekana na kila mtu inakuwa vigumu kudai ni kipya. Wakisema karatasi ni usumbufu au hawana mamlaka ya kusaini, waambie warudi na mwalimu wao, na mpaka aje usichomelee.